Sharti la Nne

3 Machi

Kwako mume wangu mtoro,

Miezi kumi na moja! Hata paka akipotea hurudi kuikagua sahani yake. Hujambo lakini? Unakula? Mimi mzima, goti tu ndilo linaninunia.

Vyumba viwili vya nyuma nimepangisha. Kimoja kachukua mkunga, ndiye anayeniandikia, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Cha pili yumo fundi saa, saa za watu zote zinakwenda ila yake. Tunakula pamoja, tunagombana pamoja. Chumba chako nimekifunga, kinakungoja.

Bibi yako, mkeo mkubwa

19 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, kazi tu zimenizidi. Pole na goti.

Bibi, hao ni wapangaji, si ndugu. Leo wanakula nawe, kesho watakuonyesha wewe pa kulala. Nakutumia karatasi ya masharti, ibandike ukutani. Kila mtu na jiko lake, na kufuli lake. La nne ulishike sana: mpangaji asikanyage upande wa mwenye nyumba bila kuitwa. Uko peke yako, Bibi, nakuhofia.

Mjukuu wako

8 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo unachemka.

Karatasi tuliibandika. Wiki ya kwanza nikajiona malkia. Ya pili nikawa nasalimiana na birika. Mkunga anatupa "shikamoo" yake kutoka mbali, fundi saa anatafuna chumbani kimyakimya kama panya.

Juzi nikaingia kuoga, komeo likagoma. Nikagonga, nikapiga kelele, mpaka nikakaa juu ya ndoo na kanga imelowa. Nawasikia hao wawili wamesimama mwanzo wa ukumbi:

"Bibi anaita."

"Anamwita nani? Hajataja jina."

"Sharti la nne linasema mpaka tuitwe."

"Basi tumuulize kama anatuita sisi."

"Nawaita nyote, majuha nyie!"

Fundi saa akaja mbio na bisibisi yake ya saa, akatoa skrubu za bawaba moja moja kama anayetibu jicho. Nilipotoka, mkunga analia, mimi nacheka huku meno yanagongana kwa baridi.

Karatasi yako nimewashia jiko. Ulisema niko peke yangu. Sikuwa. Masharti yako ndiyo yaliyonifanya hivyo.

Na jingine. Chumba cha fundi saa hakina dirisha, anayapapasa magurudumu ya saa gizani. Chako kina dirisha. Nimempa. Mkunga amekataa kuliandika hili, nimemkodolea macho mpaka kaandika.

Bibi yako

21 Juni

Shikamoo Bibi,

Nimecheka, kisha nikaona aibu. Pole sana, nisamehe. Wasalimie wote wawili, mwambie fundi saa ahsante.

Lakini chumba changu, Bibi? Agosti nina likizo. Nitakuja nyumbani kwetu kama mgeni?

Mjukuu wako

30 Juni

Mume wangu,

Marahaba, na wivu wako nimeupokea. Hatujambo sote, hata goti limeacha kununa.

Mgeni? Mgeni hupewa kiti na kusifiwa. Wewe utalala kwenye godoro sebuleni, ukorome tukusikie wote. Mkunga anadeki ukumbi, fundi saa anaosha vyombo, mimi nafoka. Bafu halina mwenyewe, tumekuwekea zamu.

Njoo na komeo jipya la bafu, ulifunge kwa mkono wako. Mlango wa mbele tunaurudishia tu, usukume uingie. Ukipiga hodi, sikufungulii.

Bibi yako, mkeo mkubwa