Sauti Yangu Wanayouzia Vidonge

Jumatatu, 3 Juni
Nimepima sukari: tisa. Uji wa ulezi mtupu. Nimekata suruali mbili kabla ya saa nne. Nani wa umri wangu Kariakoo nzima anakata kitambaa bila miwani? Hakuna.

Saa tano nikatuma sauti kwenye kundi. Lile la WhatsApp, la sisi wagonjwa wa sukari. Kuandika kwenye simu siwezi, vidole vinene, herufi ndogo kama chawa. Naongea tu. Dada Tumaini, mwenye kundi, akajibu: "Shikamoo babu! Bila sauti yako kundi halijaamka." Naye ana sukari, ndivyo anavyosema.

Video yangu bado inazunguka. Watu wa kundi walikuja dukani mwezi wa tatu, wakanirekodi nimeegemea cherehani. Nikasema vya kliniki nimetupa, natumia vile vidonge vyeupe vipya vinavyosifiwa kundini, peke yake, napanda ghorofa nne kama kijana. Vya kliniki sikutupa. Nameza vyote. Lakini mwanaume haiambii kamera kila kitu.

Alhamisi, 6 Juni
Kanti hajafungua. Anauza nyuzi na vifungo mlango wa pili, hapa hapa Mchafukoge, jirani na Kariakoo. Miaka thelathini na kitu tunagombana kila siku. Leo kimya. Mkewe, Hansa, kasema mguu umevimba; Kanti naye ana sukari kama mimi. Nikamwambia ampe vidonge vyeupe. Akaniangalia, akarudi ndani.

Jumanne, 11 Juni
Wamemkata Kanti mguu. Wa kushoto, chini ya goti.

Nimefunga duka mapema.

Kidonda kilianza kidoleni. Sindano za kliniki aliacha tangu mwezi wa nne, akashika vyeupe. Hansa, anayesoma kundi kwa niaba ya mumewe, akayaandika yote humo, akauliza kama kuna mwingine yamempata. Mimi husoma neno kwa neno. Nimefika mwisho tu, maneno yakapotea. Yamefutwa. Hansa katolewa. Hapo hapo Dada Tumaini akaweka maua na "mbarikiwe wapendwa".

Nikampigia. Wewe dada, sukari yako unatibiwa wapi? Akacheka kidogo. "Jamani babu, mimi niko upande wa mawasiliano tu, kampuni ndiyo..." Akakatisha.

Kampuni. Ya vidonge. Kundi ni lao, maua ni yao, pole ni zao.

Jumatano, 12 Juni
Hasira mpaka meno yanauma. Nataka waumie. Nataka waone aibu mbele za watu, wakose pa kuficha uso.

Zamani dawa ilikuwa ya serikali, ipo au haipo. Ikaja ruksa, kila mtu auze anachotaka. Mitumba ikaniua mimi, niliyewashonea wakubwa Kaunda suti. Sikulia. Sasa hawa wameingia mpaka kwenye simu zetu, wanatuita familia.

Mchana Tumaini kanialika, kama hakuna kilichotokea. Jumamosi ni Siku ya Familia, ukumbini Mnazi Mmoja, inarushwa mtandaoni hapo hapo. Nitoe ushuhuda. Nimekubali kwa sauti ya asali. Watanikoma.

Ijumaa, 14 Juni
Nimekwenda kwa Hansa kumwambia nitakavyowachoma. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Kasema: "Fundi, mume wangu hakumsikiliza huyo dada. Hata jina lake halijui. Alisema, kama fundi ametupa dawa za kliniki na yuko vile, mimi naogopa nini?"

Nikatoka bila kuaga.

Mchana kutwa nimemkasirikia Hansa. Kisha hasira ikakosa pa kwenda.

Nikiwasema wao tu, watawasha video: babu mwenyewe huyu hapa. Nikisema kweli, mimi ndiye muongo wa Kariakoo. Hili jina nimelijenga kwa sindano na uzi, tundu kwa tundu. Wajinga wale. Mjinga mimi.

Jumamosi, 15 Juni
Nimewachoma.

Nilivaa Kaunda suti ya kijivu, nimeishona mwenyewe, haina mfano. Tumaini akanipa kipaza sauti. "Karibu shujaa wetu!" Nikatoa pakiti mfukoni. Nikasema: hivi ni vya kliniki. Sijaviacha hata siku moja. Kwenye video nilidanganya kwa sababu napenda kusifiwa. Rafiki yangu akaniamini, amekatwa mguu. Mkewe akawaandikia, wakamfuta. Na huyu dada hana sukari, ana mshahara.

Wakazima kipaza. Mimi? Nimeongea juu ya kelele za cherehani nane maisha yangu yote. Nikaendelea, ukumbi mzima ukasikia. Aliyeacha dawa ya kliniki, Jumatatu asubuhi arudi kliniki.

Mama mmoja mstari wa mbele akasimama. "Na mimi niliacha, babu. Kwa ajili yako." Akasimama mwingine. Na mwingine.

Tumaini akanishika mkono. "Babu, unaniharibia kazi." Nikamwambia ndicho nilichokuja kufanya. Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Lakini yule mama hakunipigia makofi. Alikaa, akafunga mkoba wake, akatazama chini.

Jumapili, 16 Juni
Nimetolewa kundini. Simu inalia tangu asubuhi. Mmoja ananisifu, watatu wananitukana. Mzee muongo wewe. Wote nawajibu neno moja: kliniki.

Alhamisi, 20 Juni
Nimekwenda wodini kwa Kanti. Nilipanga maneno mengi njiani. Yakatoka mawili. Nisamehe, Kanti.

"Wewe fundi," akasema, "unasema sana." Akageukia ukutani. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Nilipoinuka akasema Jumatatu wanamruhusu, na hana suruali ya kurudia nyumbani. Nikatoa futi yangu ya kupimia. Akaniacha nipime. Kulia inchi arobaini. Kushoto nilipima kwa mbali, nisiguse bendeji. Ishirini na saba.

Nimeimaliza alasiri hii. Mshono umenyooka. Nimeikunja, nimeitia kwenye mfuko. Sijamwonyesha mtu.