Mjerumani wa Laki Moja na Nusu

Jumatatu, 3 Juni
Pikapu imegoma tena asubuhi. Tumeisukuma na jirani mpaka mteremkoni, ikakohoa, ikawaka. Kama mimi tu. Nimeenda Mpitimbi, nimerudi na magunia sita ya mahindi. Haijawahi kunilaza njiani, mshenzi huyu. Shida yake kuamka.

Mke wangu, Mama Osmunda, kashinda kitandani. Nyonga. Ijumaa nilimpeleka kliniki Peramiho. Kiti cha pikapu ni ubao uliovikwa soksi. Kila shimo alifumba macho. Daktari anamtaka kila Ijumaa, yeye kasema haendi tena. Miaka arobaini na nane ananisema kwa kila kitu, hata ninavyokohoa. Kwa kiti hiki hajasema neno. Ndilo linaloniuma.

Jumanne, 4 Juni
Kaja Rashidi. Myao wa Tunduru, anafanya biashara ya korosho, kapanga Msamala. Mtani wangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana. Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha kauliza kaburi nimeshachimba au nasubiri kwanza mahindi yauzike. Nikamwambia nasubiri afe yeye nile ubwabwa wa hitima.

Halafu kaleta maneno. Ana gari la Kijerumani. Lilitumika Uingereza, likashuka Dar, yeye kalinunua mwezi uliopita. Kaona halibebi korosho. Anataka pikapu yangu. Chuma kwa chuma, hakuna kuongezana.

Nimeenda kulitazama. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha padri. Viti vya ngozi. Saa yake inasema limetembea kilomita laki moja na nusu. Nikamwambia hilo si gari, ni bibi kizee kapaka wanja.

"Ndiyo saizi yako, Mngoni."

Jumatano, 5 Juni
Nimeuliza watu. Kosa. Fundi wa Mjimwema kasema gari la Ulaya ni kama mgonjwa wa sukari, linakwenda vizuri ukilipa dawa, na dawa yake haiuzwi Songea. Jirani kasema nichukue, nikifa nalo nitazikwa kwa heshima.

Mjerumani alikuja kwetu mara ya kwanza na bunduki. Sasa anakuja na viti vya ngozi. Babu yangu alimkimbia akaingia porini. Mimi namkimbilia Msamala.

Mahindi je? Gunia haliketi kwenye ngozi. Pikapu ikiondoka, shamba la Mpitimbi linabaki mapambo. Najua. Lakini Ijumaa ni keshokutwa, na mwanamke kageukia ukutani.

Ijumaa, 7 Juni
Rashidi kaniazima gari nilijaribu. Mama Osmunda kakubali kwenda kwa sababu ya umbea tu, alione lilivyo ndani.

Hakufumba macho hata mara moja. Kuanzia kilima cha kwanza kaanza kunisema. Naendesha kama nimeiba, nashika usukani kama jembe, shati langu halina kifungo. Mpaka Peramiho. Nimefurahi kusemwa, sijui niandikeje.

Jambo moja. Kila dereva hapa anajua mjini hadi Peramiho ni kilomita ishirini na nne. Saa ya gari imehesabu kumi na tano. Nikasema hili ndilo gari, linafupisha hata barabara.

Moyoni nimeshakubali.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeamka na ile kumi na tano kichwani. Nimevaa miwani, nikaingia garini, nikasoma chini ya tarakimu. Vijiherufi kama mayai ya chawa. MILES.

Mimi ni darasa la nne. Nilitoka shule na vitu viwili, katekisimu na maili, maana kilomita zilikuwa bado hazijafika. Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kumi na tano ni ishirini na nne. Basi laki moja na nusu ni laki mbili na arobaini elfu.

Bibi kizee si wa miaka sitini. Ni wa tisini na sita.

Nimemkasirikia Rashidi siku nzima. Utani una mpaka.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa nimemrudishia gari na kumweleza. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema Mngoni akitaka kuruka makubaliano huokota Kiingereza. Nikarudia. Kamwita mkewe aje asikie.

Hapo nikajua. Hajui. Aliyelishwa maili kwa jina la kilomita ni yeye, huko Dar. Miaka ishirini tumedanganyana kwa raha mpaka ukweli hauna mlango wa kuingilia.

Nikavua kofia. Nikamwita kwa jina lake na la baba yake. "Rashidi bin Hamisi, leo si utani."

Kicheko kikakatika. Tumekaa garini, kafuata zile herufi kwa kidole.

"Basi mimi ndiye niliyebeba bibi wa watu, mzee wangu."

Mzee wangu. Hajawahi kuniita hivyo bila tusi nyuma. Sikupenda.

Nimemwambia sibadilishi. Hakubisha.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemwambia Mama Osmunda. Kasema sawa. Basi. Sawa, na ukuta.

Jumanne, 11 Juni
Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ndiyo desturi, sikuitunga mimi.

Nimeenda Msamala na spana, nikaingia gari la Rashidi, nikaanza kufungua kiti cha mbele cha abiria. Katoka na kikombe cha chai. Kauliza nafanya nini kwenye gari la watu. Nikasema naiba. Nikaona aibu, nikaendelea hivyohivyo.

Kaweka kikombe chini. "Mwizi mwenyewe hata spana hajui kushika. Sogea, kizee."

Tusi limerudi. Nimeshukuru Mungu kimyakimya.

Kafungua mwenyewe. Nimemwachia ule ubao wangu, nikamwambia msimu wa korosho aje achukue pikapu abebe atakavyo. Kasema ataichukua na hatairudisha.

Alhamisi, 13 Juni
Fundi wa kuchomelea kashinda anatukana. Kiti cha Mjerumani hakitaki sakafu ya pikapu ya Mjapani. Jioni kimekubali. Mlango unafungwa kwa teke.

Ijumaa, 14 Juni
Baridi, ukungu mpaka saa tatu. Tumeondoka mimi na Mama Osmunda. Kanisema kilima cha kwanza na cha pili. Cha tatu kimya. Nimegeuka kwa hofu. Kalala, mdomo wazi.

Nimefika Peramiho bado kalala. Nikapita geti la kliniki. Nikaendesha taratibu mbele kidogo, nikageuza, nikapita tena.