Dawa ya Fizi kwa Mama wa Aliyekuua

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulinifunza nisiseme na mkubwa kabla ya kumwamkia, na hasira niliyonayo haijanisahaulisha.

Tangu Kibwana, jirani yetu, akupasue kichwa kwa jembe pale mpakani mwa shamba, sijalala vizuri. Nilikuwa nyuma yako na kapu la mbegu. Niliona kila kitu. Ardhi yenyewe mliyogombania haitoshi tuta moja la viazi. Nilimwendea na panga, na watu wa Msowero wasingenishika ningemkatakata. Sasa yeye yuko mahabusu, na mimi nimebaki na sufuria yako.

Bado nachemsha dawa ya kusukutulia. Majani ya mpera, karafuu, chumvi. Akina mama wanaouza chakula Dumila bado wanatuma chupa zao, nami nawaambia maneno yako yale yale: "Ukoga unatolewa na mswaki, dawa inasaidia tu." Hawasikii. Wanataka maji yafanye kazi yote, na mikono yao ipumzike.

Wiki iliyopita alikuja Bibi Mwanaidi, mama yake Kibwana. Fizi zimemvimba, zinatoka damu. Na ana uso wa mwanawe, Mama, uso ule ule. Nikamkaribisha mkekani, nikaingia jikoni, nikakoroga sumu ya panya ndani ya kikombe chake. Nilitaka Kibwana alie kama nilivyolia mimi.

Nikampa. Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Anza wewe, mwanangu. Mama yako alikuwa anasukutua kwanza, ndipo anatupa sisi."

Kweli. Kila mgonjwa, hata mtoto, ulimtangulia. Mimi kwa ghadhabu nilisahau. Nikakileta kikombe mdomoni, nikakishikilia hapo, na kwa kitambo, Mama, nilitaka kusukutua kweli nimeze, nikufuate. Kisha nikakibamiza ukutani. Kigae kikanichana shavu. Nikapiga kelele, nikamwita mzaa muuaji, nikamtukana matusi ambayo ungeyasikia ungenizaba kibao.

Aliyatazama yale maji yanavyoteremka ukutani. Alielewa. Nilingoja ainuke akaite watu, wala hakuinuka.

"Chemsha mengine," alisema. "Nitangoja."

Nikaosha sufuria, nikachemsha. Nikasukutua, nikatema. Naye akasukutua, akatema damu. Tulilia wote wawili, kila mtu upande wake wa mkeka.

Pumzika, Mama. Sijamsamehe Kibwana, na usiniombe. Siku kesi yake itakaposomwa Kilosa nitasimama niseme jinsi alivyoliinua lile jembe na jinsi ulivyoanguka, bila kupunguza kitu, na mama yake ananisikiliza. Jioni yake akija kwangu na fizi zake, nakuahidi nitamchemshia.

Mwanao,
Zuhura