Taa ya Uani

Mwanangu kitindamimba,

Cherehani imepona, mgongo wangu ndio bado.

Ulinielekeza jua likizama nizime taa zote, nisubiri macho yazoee giza, kisha nitazame juu: inayometameta ni nyota, iliyotulia tuli ni sayari. Basi sijaona kitu. Baba yako amegoma kuzima taa ya uani. Jana nikaizima mwenyewe, kwa hasira. Akatoka mbio, kifua wazi.

"Wewe mwanamke, kijana wako akirudi si atajikwaa?"

Kaka yako huyo, mwanangu, ambaye tulimzika sote, na udongo wa kwanza akautia baba yako mwenyewe.

Nikaiwasha, nikakaa naye kizingitini. Huko uliko, ukiiona ile iliyotulia, nitazamie na mimi.

Mama yako, mwangani