Damu ya Baba Ilivyosema

Lom, Bulgaria
25 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Lyuben,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, mkeo Margit na watoto mko wazima huko Toronto, na kikohozi cha Simeon kimepoa. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua, na mto Danube umeshaanza kuleta ukungu wake.

Jana tulimfanyia baba arobaini. Nilichemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, kasisi akaja, majirani wakala na kunywa. Shangazi Tsona alilia kuliko wote, ingawa alikuwa hampendi.

Sasa nikuambie jambo. Daktari Mincheva, yule binti aliyemtibu baba, amechukua anwani yako. Anachunguza damu za waliopatwa na mshtuko wa moyo, na anataka kupima za watoto wao pia. Atakuandikia. Ni afadhali uyasikie haya kwangu kwanza.

Unajua baba alianguka uani tukikamua zabibu. Hospitali walimzibua mshipa wa moyo, akaamka, akaanza kuwatukana wauguzi. Nilipokupigia, hayo niliyokueleza yalikuwa kweli. Lakini walikuwa wakimtoa damu kila asubuhi, wakipima vitu ambavyo moyo huvujisha ukiwa unakufa. Siku ya tatu daktari aliniita kwenye korido.

"Bi Nevyana, mshipa umefunguka, lakini damu yake siipendi. Kati ya watu kumi wenye damu kama hii, saba hawamalizi mwezi."

"Lakini anakula! Anagomba!"

"Ndiyo, na wengi huwa hivyo. Una ndugu? Mwite sasa, angali anaongea."

Jioni ile ulinipigia mwenyewe. Ukaniuliza, "Dada, nikate tiketi?" Nikakujibu, "Ya nini? Vipimo vya damu ni vizuri. Njoo Krismasi, mle nguruwe pamoja na baba." Ulishusha pumzi nikaisikia. Ukasema, "Mungu akubariki, dada."

Kwa baba nilisema mengine. Kila nikiingia aliuliza neno moja tu, "Lyuben?" Nilikuwa nimemwogesha, nimemkata kucha, nimembebea supu kwa basi saa nzima, naye anauliza Lyuben. Siku ya nne nikamjibu, "Nimemwambia hali yako, baba. Amesema ana kazi."

Hakuamini. "Mpigie tena. Mwambie baba yake anamwomba." Baba yetu, Lyuben, akiomba! Nilitoka na simu, nikasimama karibu na mashine ya kahawa, nikanywa kahawa yangu hadi ikaisha. Nikarudi. "Hapokei." Nilifanya hivyo siku tano mfululizo. Siku iliyofuata hakuniambia nipige.

Usidhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilijua nifanyalo. Uliondoka una miaka kumi na tisa. Mimi nikabaki na mama hadi akafa, kisha na baba, miaka ishirini na saba. Kila mgeni alionyeshwa picha yako. Mimi nilitajwa chai ikichelewa. "Nevyana ana mikono, Lyuben ana kichwa," unaukumbuka msemo wake? Wewe uliucheka.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, alinishika mkono. Hakuwahi, hata nikiwa mtoto. Akasema, "Nilikuwa na mtoto mmoja, nami nikawa namtazama mwingine." Akaniomba nikirudi nyumbani niitoe picha yako ukutani. Alikufa kabla ya chakula cha mchana, akiamini hukumtaka.

Ulipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Ulinikumbatia mbele ya watu ukanishukuru kwa kumtunza, nami nikakupigapiga mgongoni. Nilikuonea huruma, lakini si sana.

Daktari atakutajia tarehe aliyoniambia nikuite. Ni tarehe saba Oktoba. Linganisha na siku uliyonipigia. Na hiyo damu yako nenda kaitoe. Amesema mioyo kama ule wa baba hurithiwa, na wewe ndiye uliyefanana naye.

Shangazi Tsona anakusalimu, na jirani Kamen pia. Msalimie Margit, wabusu watoto.

Mungu akupe maisha marefu, mdogo wangu, na kila siku yake umkumbuke baba alivyokungoja.

Dada yako, ambaye hata sasa anakupenda,
Nevyana