Madoa Meusi kwenye Waridi la Zaituni

Jumanne, 5 Novemba
Nimefagia uwanja, nimemwogesha Zaituni, nimempa ua lake. Kila asubuhi hivyo. Mke mwenzangu huyu macho yamezima. Mume tulishamzika. Shule mimi sikuiona, herufi hizi kanifundisha yeye. Waridi kalipanda mwenyewe, hapa Ujiji. Analinusa kwanza, ndipo anakunywa uji. Bila ua hataki kula. Leo majani yana madoa meusi, pembeni manjano. Sijapenda.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua. Majani yanapukutika. Nimeyakusanya nikayalundika shinani, kama tulivyofanya migombani kwetu Buha. Mgomba hula majani yake ukanenepa. Jioni nimelimwagia maji juu mpaka chini, kama naogesha mtoto.

Alhamisi, 14 Novemba
Madoa yamezidi. Matawi ya chini yako uchi. Ua la leo dogo kama kifungo.
Zaituni kanusa, kanusa tena. "Ua gani hili halinuki? Mazuri unampelekea bwana gani?"
Nimecheka. Kisha nikaenda jikoni kulia.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimepeleka jani Kigoma, duka la dawa za mimea. Mama muuzaji kaligeuza mara moja tu. Ukungu.
"Bibi yangu, yaliyoanguka umeyatupa wapi?"
Nimemwambia. Kashika kichwa. Ukungu unalala kwenye majani yale, mvua ikipiga unaruka juu. Na majani yakilala na maji ndipo unanawiri. Kumbe mimi ndiye niliyeulea. Mimi! Kanipa dawa ya kupuliza. Ila kwanza nikate matawi yote yenye ugonjwa, nichome pamoja na majani. Maji shinani tu, asubuhi.

Jumapili, 17 Novemba
Nimekata. Tawi lisilo na ugonjwa sikuliona hata moja. Kimebaki kisiki cha kufika gotini. Nimechoma, nimepuliza dawa. Zaituni kauliza nachoma nini. Nimemwambia kweli. Uji kaurudisha. Nina hasira na mvua, na mimi mwenyewe, na Mungu kidogo, anisamehe.

Jumatatu, 2 Desemba
Chipukizi moja, jekundu. Zaituni amekwisha, mifupa mitupu. "Likichanua nitakuwepo?" Nimemkalisha mkekani karibu na kisiki, nikamshika kidole nikakifikisha kwenye chipukizi. Kaligusa polepole, kama shavu la mtoto mchanga. Katabasamu. Kaomba uji.
Chipukizi lina doa jeusi. Sijamwambia.