Kona ya Kilomita 41 Haina Vifo

Jumatatu, 4 Machi

Bahasha ya jopo la tathmini imefika. Maandiko matano ya utafiti, majina ya waandishi yamefutwa, zimebaki herufi tu, A mpaka E. Swali ni moja: barabara kuu zianze kurekebishwa wapi ili watu wasiendelee kufa, na tutajuaje? Andiko litakaloshinda ndilo litakalopanga orodha ya marekebisho kwa miaka kumi.

Na ile fomu. "Sina uhusiano wa kibinafsi na jambo lolote lililomo." Nimesaini chai ikiwa bado ya moto. Miaka kumi na moja naisaini, sijawahi kuisoma mpaka chini.

A lina maneno makubwa, ndani patupu. B kajinakili mwenyewe, hata mwaka hakubadilisha. Wanatuchosha.

Jumatano, 6 Machi

C ni zuri. Niseme ukweli, ni zuri sana. Ramani safi, hesabu safi, hakuna porojo. Wanachukua mafaili ya polisi ya miaka mitano, wanahesabu vifo kila kilomita, penye vifo vingi ndipo pa kuanzia. Nikaandika alama 88 kwa penseli, roho kwatu.

Halafu ukurasa wa 14. Jedwali la kona "zisizohitaji hatua". Kilomita 41. Vifo: 0. Majeruhi: 1.

Nimeisoma mara tatu. Huyo majeruhi mmoja ni mdogo wangu.

Polisi walipofika kwenye ajali yake pale konani alikuwa anapumua, wakaandika majeruhi. Wakafunga faili. Alifariki siku ya tatu, wodini, nimemshika mkono. Nani angerudi kufungua faili? Kwa barabara, mdogo wangu hajafa.

Nimefunga mlango wa ofisi nikalia. Basi.

Alhamisi, 7 Machi

D ni la kawaida. E limeandikwa hovyo kabisa. Sentensi zinaanza hazifiki popote, ratiba ya miezi kumi na tano imebanwa ndani ya mwaka mmoja. Nusura niliweke pembeni. Lakini wazo lake — kupita hospitali moja moja, wodi kwa wodi, kusoma madaftari ya waliolazwa na kuyalinganisha na mafaili ya polisi. Kuwatafuta waliofia kitandani.

Nimelipa alama 61. Mkono ulitaka 80. Sijui ni mkono wa mhandisi au wa dada mtu.

C nimelishusha mpaka 64. Hapo sina wasiwasi. Hesabu isiyowaona waliokufa ni mbovu, hata ipambwe vipi.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi yangu, mjane wa mdogo wangu, kaja kumwona Mama. Sikutakiwa kumwambia, maandiko ni siri. Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Kwa hiyo wao wanajua alivunjika mguu tu?"

Nikamwambia, ndiyo, kama hivyo.

Hakulia. Akauliza kama kona ile itawekewa matuta. Nikasema ikiwa andiko lile zuri litapita, hapana, miaka kumi. Akakunja shati lingine. "Wanangu wanavuka pale asubuhi na jioni, wifi." Kwa sauti ya kawaida tu. Mama akajifanya hasikii.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeitoa ile fomu kwenye droo, safari hii nikaisoma mpaka chini. Mwenye uhusiano anatamka, anatoka nje, na alama zake zinafutwa.

Nikaenda chumba cha pili kwa Mzee wa Nukta. Ni mtakwimu, tunamwita hivyo kwa sababu anasoma na rula chini ya kila mstari, nukta isimpite. Nikamweleza yote. Akasema E yeye kalipa alama 40, aliishia ukurasa wa pili, kichwa kilimuuma. Na wengine vilevile. "Ukitoka wewe, mama, hakuna atakayelisemea." Kisha, taratibu: kasoro ya C ni ya kweli, awe kafa nduguyo au jirani. Usimtaje nduguyo, litetee E kama mhandisi.

Anasema kweli. Ndiyo maana inauma. Lakini nimesaini kwamba sina uhusiano, na ninao.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mkutano.

Alama za C: 90, 87, 91, 64. Utaratibu wetu, ukipishana na wenzako kwa zaidi ya ishirini, unajieleza. Mwenyekiti akavua miwani. "Haya, dada, tueleze."

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kihandisi, kurasa mbili. Nikafungua ukurasa wa 14. Nikasema yule majeruhi mmoja ni mdogo wangu, tumemzika, na fomu niliyosaini si ya kweli.

Mzee wa Nukta akainamia rula yake. Mwenyekiti akasema pole, kwa moyo naamini, kisha akaniomba nitoke. Alama zangu zote, za E nazo, zimefutwa. Nimemwangusha wifi yangu. Sijui nitamtazamaje.

Dakika ishirini sasa. Sauti ya Mwenyekiti imepanda mara moja, ikashuka.

Katibu katoka, ana karatasi nyeupe. Anasema ndani wamebishana: kama jedwali limekosea kona moja, je, nyingine? Mzee wa Nukta anataka hospitali ipigiwe simu sasa hivi. Wanaomba majina kamili ya marehemu, tarehe, na namba ya wodi.

Nimeandika majina yake matatu, kwa herufi kubwa, ili yasomeke. Tarehe ya ajali. Tarehe ya kifo chini yake. Wodi ya sita.

Katibu kayasoma kwa sauti kuhakikisha kayasoma sawa. Kaingia nayo. Mlango kauacha wazi kidogo, nasikia mtu anabonyeza namba.